Paka dume aliyehasiwa anarusha mkojo ukutani: chunguza haya kabla ya kumfukuza

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, paka hafugwi ili kupendeza macho ya wageni. Anafugwa kwa sababu ya panya: wale wanaokimbizana usiku kucha juu ya plafo, wanaotoboa gunia la unga wa muhogo, wanaokata vikwembe vilivyokunjwa vizuri na hata nyaya za umeme. Ndiyo maana paka dume aliyehasiwa ni mali. Hazururi mitaa mitatu akifuata majike, harudi asubuhi na sikio limepasuka, lakini kazi yake ya kuwinda anaiendeleza kama kawaida. Kumtoa mapumbu hakumtoi hamu ya panya.

Lakini kuna jambo moja linaloweza kumpotezea nafasi yake nyumbani kwa juma moja tu. Siku moja anageuza mgongo kwenye ukuta wa salo, anainua mkia, mkia unatetemeka, na anarusha mkojo. Kesho yake anarudia kwenye mlango. Kesho kutwa ni zamu ya fotei.

Harufu yake haina mfano. Katika nyumba ya mbao, kama zile nyingi za Goma zilizosimama juu ya mawe ya volkano, mkojo unazama ndani ya ubao, na kila jua linapopiga harufu inaamka upya. Mwenye nyumba anakasirika mara mbili, kwanza kwa uchafu, kisha kwa kuona kwamba makuta aliyolipa ili paka ahasiwe yamepotea bure. Hapo ndipo paka anaingizwa ndani ya gunia na kwenda kutupwa mbali, au anawekewa sumu. Na hawakosi wa kusema kwamba paka wa namna hiyo ametumwa.

Elimu ya wanyama inalieleza jambo hili namna nyingine, na maelezo yake ni rahisi kuyahakikisha nyumbani. Paka aliyehasiwa anayekojolea kuta halipizi kisasi wala hatumwi na mtu. Ana hofu, au ni mgonjwa, au hakuhasiwa sawasawa. Kila sababu ina dawa yake, na mmoja kati ya magonjwa hayo unaua ndani ya siku chache. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwangalia vizuri anapokojoa.

Amesimama au amechuchumaa?

Paka anayeweka alama husimama. Anatafuta kitu kilichosimama wima: ukuta, mlango, rido, pembe ya kabati, wakati mwingine televizyo au mfuko wa mgeni. Anakigeuzia makalio, mkia juu, ncha yake ikitetemeka, na miguu ya nyuma inaweza kukanyagakanyaga papo hapo. Mkojo anaourusha ni kidogo. Doa lake linaanzia juu kidogo ya ardhi, karibu sentimita 20, kisha linatiririka. Baada ya hapo paka huyo huyo anaenda kukojoa mkojo wake wa kawaida nje au kwenye mchanga wake, kama vile hakuna kilichotokea.

Paka anayekojoa mahali pabaya huchuchumaa. Anaacha dimbwi, na analiacha chini au juu ya kitu laini: matela, blanketi, nguo chafu zilizokusanywa pembeni. Huyo haandiki jina lake mahali popote. Pengine choo chake ni kichafu au kimewekwa mahali penye kelele, pengine mbwa wa jirani anamzuia kutoka nje, pengine kibofu kinamuuma. Paka mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa mengi anaweza kuwa na ugonjwa wa figo au wa sukari.

Wa tatu ndiye wa kuogopwa. Anachuchumaa, anajikaza, hakitoki kitu au yanatoka matone mawili yenye damu. Anahama kutoka pembe moja hadi nyingine, anajilamba sehemu za siri, analia, anakataa chakula, anatapika. Mwenye nyumba anaona paka anayechafua kila mahali, wakati ukweli ni kwamba paka ameshindwa kukojoa. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, na chembe za madini au ute mzito vinaweza kuiziba kabisa. Ikiziba, sumu ambayo mkojo ungeitoa inarudi katika damu, madini ya potasiamu yanapanda, na moyo unasimama. Paka wa namna hiyo anaweza kufa kati ya siku 1 na 3. Usimkande tumbo kwa nguvu, kwani kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Usimpe pia kidonge cha watu cha kutuliza maumivu: nusu ya paracetamol ya miligramu 500 inatosha kumuua paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Huyu anapelekwa kwa veterineri siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya yenga.

Je, alihasiwa kweli?

Swali hili linawakera wengi, lakini lazima liulizwe. Kuna madume ambao pumbu moja halikushuka mahali pake. Limebaki tumboni au kwenye kinena. Mtu asiye na mazoezi anakata lile analoliona, anasema kazi imekwisha, analipwa, anaenda. Pumbu lililobaki ndani halizai, lakini linaendelea kutoa homoni za dume. Paka huyo atapigana, atatafuta majike na atarusha mkojo wenye harufu kali kama dume mzima, na mwenye nyumba atashangaa.

Veterineri ana njia rahisi ya kujua. Uume wa paka dume mzima una miiba midogo midogo. Homoni zikikatika, miiba hiyo inapotea, kwa kawaida ndani ya majuma 6 hivi. Paka aliyehasiwa zamani na bado ana miiba, kuna kitu kimebaki. Hapo upasuaji wa pili ndio unaomaliza tatizo, wala si fimbo.

Jambo lingine ni muda. Paka aliyehasiwa juzi hawezi kubadilika jana. Mwaka wa 1973, Benjamin Hart na mwenzake Barrett, wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Marekani, waliandika kuhusu madume waliohasiwa wakiwa watu wazima: karibu 9 kati ya 10 walipunguza au waliacha kurusha mkojo. Wengine waliacha mara moja, wengine ilichukua majuma au miezi. Mwaka wa 1984 Hart alirudi na utafiti mwingine juu ya paka waliohasiwa wakiwa wadogo, kabla ya kuanza tabia hiyo. Hata kati ya hao, dume mmoja kati ya 10 na jike mmoja kati ya 20 walikuja kurusha mkojo mara kwa mara. Kuhasi kunasaidia sana, basi, lakini si hati ya kudumu. Na majike pia wamo, ingawa watu hawaamini.

Barua iliyoandikwa kwa pua

Kwa nini mkojo wa paka unanuka kuliko wa mbwa au mbuzi? Ndani yake kuna kitu kinachoitwa felinini, chenye salfa. Mwaka wa 2006 watafiti wa Japani, akiwemo Masao Miyazaki, walionyesha kwamba protini moja ya kwenye figo za paka, iitwayo kauksini, ndiyo inayosimamia kutengenezwa kwa felinini hiyo. Mkojo ukiwa tayari nje, felinini inavunjika pole pole na kutoa ile harufu, ndiyo maana doa la jana linanuka kuliko la leo. Dume mzima anaitoa kwa wingi. Aliyehasiwa anaitoa kidogo, lakini haikauki kabisa.

Kwa paka, doa hilo ni tangazo. Linasema nani amepita, lini, na kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Paka mwingine akipita anajua la kufanya bila kupigana. Shida inaanza pale paka anapoona kwamba mipaka yake imevurugika, hata ndani ya nyumba alimozoea kulala bila wasiwasi. Anaanza kutangaza ndani.

Na mipaka ya paka katika miji yetu inavurugika kila siku. Parseli zimebanana, mabati ya nyumba moja yanagusana na ya jirani, na paka dume wasio na mwenyewe wanatembea juu yake usiku kama barabarani. Dume wa nje anakuja kunusa mlangoni, pengine anarusha mkojo wake kizingitini. Wa ndani anasikia, ananusa, hana njia ya kumfukuza, anajibu kwa kurusha upande wake. Ukiona madoa yanaanzia chini ya dirisha na kwenye mlango wa nje, mtuhumiwa wa kwanza ni huyo wa nje. Madoa yakiwa katikati ya nyumba, kwenye njia ya kupita au kwenye vitu vipya, tafuta sababu ndani: paka wa pili, mtoto mchanga, rangi mpya, fotei iliyonunuliwa, wageni.

Kuhusu wageni, eneo letu lina historia yake. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, familia zilikwenda kulala kwa ndugu na marafiki hadi Minova, Bukavu na Gisenyi. Vita vilivyofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata vilisukuma tena watu kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nyumba ya watu 6 inakuwa ya watu 15. Binadamu anaelewa kwa nini; paka anachoona ni miguu asiyoijua, mizigo yenye harufu za mahali pengine, milio ya risasi, na pembe lake la kulala limechukuliwa. Paka aliyekaa miaka 3 bila kosa anaweza kuanza kurusha mkojo katika juma la kwanza la msongamano huo.

Hapa pia ugomvi wa kifamilia unaingia bure. Paka akikojolea mfuko wa mama mkwe, mama mkwe anaelewa kwamba hatakiwi katika nyumba ile. Ukweli ni kwamba mfuko wake una harufu ya mji mwingine, labda na ya paka mwingine, na paka ameutia harufu yake ili atulie. Mfuko wa mgeni uwekwe juu ya kabati au ndani ya chumba kinachofungwa, siku ya kwanza.

Javeli inaharibu zaidi

Kosa linalorudiwa sana ni kusafisha kwa javeli. Mkojo unapooza unatoa amonia. Amonia ikikutana na javeli inatengeneza hewa inayochoma macho na kifua, na katika chumba kimoja chenye dirisha dogo hiyo ni hatari kwa watoto na kwa mwenye pumu. Krezili nayo ni mbaya: ina fenoli, na paka anayekanyaga sakafu iliyooshwa nayo kisha akajilamba miguu anaweza kupata sumu. Sabuni za maji zenye amonia ndani yake zinanukia paka kama mkojo wa mshindani, kwa hiyo anarudi kurusha juu yake.

Njia inayofaa haihitaji fedha nyingi. Kausha doa kwa kitambaa, kisha osha kwa maji baridi na sabuni ya unga, hasa ile ambayo pakiti yake inaonyesha kwamba ina enzimu. Iache ikae dakika 10 au 15 ili enzimu zivunje mkojo. Suuza, acha ikauke. Baada ya hapo pangusa kwa alkoli ya farmasi, lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana kama ubao una rangi au vernisi, na usifanye hivyo karibu na mbabula yenye moto. Ubao uliokwisha kunywa mkojo kwa miezi hausafishiki kwa maji peke yake: unakwanguliwa kwa papiliyeye, unakaushwa juani kama unaweza kutoka, unapakwa vernisi upya. Matela iliyolowa mara nyingi, kusema kweli, ni ya kutoa.

Madoa ya zamani hayaonekani kwa macho. Taa ndogo ya mwanga wa ultraviole, kama ile inayotumiwa kukagua noti za dola, inayaonyesha usiku baada ya kuzima umeme.

Akina mama wenye mimba huuliza kuhusu toksoplasmosi. Vimelea vyake vinatoka katika mavi ya paka, si katika mkojo. Mwenye mimba aache kushika mchanga wa choo cha paka, mwingine afanye kazi hiyo.

Choo, chakula na amani

Mwaka wa 2001, Patricia Pryor na wenzake huko Davis walitaka kujua kama usafi peke yake unaweza kupunguza tabia hii. Waliwaomba wenye paka wasafishe madoa vizuri, watoe uchafu wa mchangani kila siku na kubadilisha mchanga wote kila juma. Kurusha mkojo kulipungua. Ni habari njema kwa mtu asiye na fedha za dawa.

Kwetu, beseni la zamani lenye mchanga wa ziwa, wa Kivu au wa Tanganyika, au vumbi la mbao kutoka kwa seremala, linatosha. Liwekwe mbali na chakula chake na mbali na mahali watu wanapopita. Kama paka ni wawili, mabeseni yawe matatu, na sahani za chakula zitenganishwe ili mmoja asimwinde mwenzake anapokula. Paka hapendi kuweka alama mahali anapokula. Kwa hiyo ukisha safisha pembe alilozoea, mwekee sambaza zake pale pale kwa majuma machache. Mahali pa juu pa kulala, ubao uliopigiliwa ukutani au juu ya kabati, panampa njia ya kuwaepuka watoto na wageni.

Paka ana pia harufu ya amani, ile anayoiacha anaposugua mashavu kwenye mguu wa kiti. Patrick Pageat, veterineri Mfaransa, aliichunguza miaka ya 1990, na kutokana na kazi hiyo zikatengenezwa dawa za kupuliza zinazouzwa Ulaya. Kwa asiye na njia ya kuzipata, wapo maveterineri wanaoshauri kumsugua paka mashavuni pole pole kwa kitambaa safi cha pamba, kisha kukipitisha kitambaa hicho kwenye ukuta uliooshwa, kwa urefu wa pua yake. Haigharimu kitu, na kwa uchache haimdhuru.

Dume wa nje azuiwe kwa njia za kawaida: kuziba tundu lililo chini ya mlango, kufunika dirisha la chini, kutoacha mabaki ya samaki uani. Kama ana mwenyewe, zungumza na jirani juu ya kumhasi. Paka wawili waliohasiwa kwenye parseli mbili wanapunguza kelele za mtaa mzima.

Kinachobaki ni fimbo, na fimbo haifanyi kazi. Kumpiga paka au kumsukumia pua kwenye mkojo kunamwongezea hofu ileile inayomfanya aurushe. Atajifunza tu kukuogopa wewe, na kufanya hivyo ukiwa umetoka.

Dawa zipo, lakini si za kununua kiholela

Kuna paka ambao, hata baada ya yote hayo, hawatulii. Kwao veterineri anaweza kuandika fluoxetine, dawa ambayo watu pia hutumia kwa magonjwa ya huzuni. Utafiti mwingine wa Davis, wa mwaka huo huo wa 2001, ulionyesha kwamba inapunguza sana kurusha mkojo. Inahitaji majuma kadhaa, kipimo chake kwa paka ni kidogo mno ukilinganisha na cha mtu, na tabia inaweza kurudi dawa ikisimamishwa. Kugawa kidonge cha mtu kwa kisu jikoni si njia.

Maveterineri wetu wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi kuliko paka, lakini elimu ya paka wanayo: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakulte ya utabibu wa wanyama, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kina yake. Asiyejua pa kuanzia aulize kwenye inspeksyo ya jimbo ya kilimo, uvuvi na ufugaji, IPAPEL. Nenda na habari kamili: tabia ilianza lini, nini kilibadilika nyumbani juma lile, madoa yako wapi, nani alimhasi na lini. Ukiweza, mchukue video kwa simu anapofanya tendo lenyewe. Sekunde 10 zinatosha kumwonyesha veterineri kama paka amesimama, amechuchumaa, au anajikaza bila kutoa kitu.